Mwiba wa Samaki Nisiyemla

Januari, Ulaanbaatar, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Niliamka na mwiba wa samaki kooni,
nami samaki sijamla tangu harusi ya dada yangu.
Nikameza mate: mwiba.
Nikameza chai ya maziwa yenye chumvi: mwiba.
Nikamwita mwanangu aamke, ikatoka hewa tupu.

Siku tano nilifundisha hesabu bila kutamka.
Wanafunzi arobaini na wawili, mwalimu bubu.
Nikigonga chaki wananyamaza, nikinyoosha kidole wanacheka.
Chuluun wa dawati la mbele akaniigiza nikimeza,
shingo mbele kama bata, macho kayafumba,
na kusema kweli aliigiza vizuri.

Daktari Tserendulam ana mikono baridi na maswali mengi.
"Una mafua?" Nikatikisa kichwa.
"Kazini unapaza sauti?"
Nikamwandikia: *Mimi ni mwalimu.*
"Jikoni mnachoma nini?"
*Makaa ya mawe. Yakiisha, mbao.
Mbao zikiisha, sipendi kusema.*
"Usiku ukilala, kuna kitu kichungu kinapanda?"
Nikakumbuka mafuta ya kondoo, saa nne usiku,
nimesimama peke yangu mbele ya sufuria.
*Kidogo,* nikaandika.
"Fumbua kinywa. Sema aaa."
Aaa haikuja.

Kijiti juu ya ulimi, kisha tochi.
Sikuwahi kufikiri kwamba ndani yangu mna ukumbi,
kidakatonge kinaning'inia kama taa iliyoungua,
na kuna watu kazi yao ni kukagua kuta.
"Nyekundu," alisema, "lakini safi.
Ni moshi, ni makelele, ni kile kichungu cha usiku.
Watatu hao wamekaa kikao kooni mwako
na sina kidonge cha kuwatawanya.
Nyamaza. Kunywa maji. Inua mto."
Nilikasirika kidogo.
Mtu akiteseka hivi hutaka ugonjwa wenye jina refu.

*Na lingekuwa jambo baya?*
Alinijibu akinawa mikono, kanipa mgongo:
"Lingekuja ghafla, bila hodi.
Homa kali. Makamasi hakuna, kikohozi hakuna,
na hapo ndipo pa kutilia shaka.
Mafindofindo yamevimba, yana madoa meupe kama maziwa yaliyoganda.
Tezi chini ya taya ukizigusa mtu anaruka.
Wapo watoto wanaolalamikia tumbo,
mama akatibu tumbo."

Mama akatibu tumbo.
Nilitembea na maneno hayo ndani ya moshi
mpaka kituo cha basi, na nikapitiliza kituo.

Jumanne, kipindi cha pili, sehemu na desimali.
Nyuma kabisa, karibu na dirisha lenye barafu,
Nyamdavaa, mtoto asiyesema hata akiwa mzima,
kwa hiyo nani angejua?
Darasa zima lilikohoa kama zizi la kondoo.
Yeye hakukohoa.
Kisha akameza,
shingo mbele, macho kayafumba,
na hakuwa ananiigiza.

Paji lake lilikuwa mlango wa jiko.
*Wapi panauma?* Nilimwonyesha daftari.
"Tumbo," alisema,
sauti kama inatoka ndani ya blanketi.

Pamba kwenye kijiti, kisha kungoja.
Daktari alitoka akiitikia kwa kichwa, hakutabasamu.
Siku kumi za dawa. Akamrudia bibi yake mara mbili:
"Asiache siku ya tatu kwa kuwa amepata nafuu.
Koo likipuuzwa, kesi inaweza kuhamia moyoni."
Bibi Dejid alinigeukia mimi, si daktari.
"Nilidhani amekula kitu kibaya.
Nimempikia uji siku mbili."
Sikuwa na sauti ya kumjibu.
Nikamshika mkono wa koti lake, basi.

Usiku ule niliwasha jiko, na moshi ukatangulia kuingia
kama mwenye nyumba. Nifanye nini? Kuna baridi.
Niliinua mto. Nikameza. Mwiba upo.

Alhamisi Chuluun akaniigiza tena.
Safari hii nilimwendea, nikampapasa chini ya taya,
kulia, kushoto,
ndipo nikacheka, bila sauti.